Siku Tablo Ilipokuwa Mlango

Cheka, Neema. Cheka mpaka umalize, kisha ufunge mdomo, maana hakuna anayesikiliza meno yakiwa nje. Unamwona koko wako, bibi mzee, masomo yake yaliishia darasa la sita, anakwambia usisome hadithi mchana na mlango wazi, basi unadhani akili yake imelowa. Sikukuomba uamini. Nimekuomba ufunge mlango. Kama hutaki kuufunga utanisikiliza, na kunisikiliza mimi kunachukua muda kuliko kufunga mlango.

Hivyo ndivyo nilivyomwambia mjukuu wangu Jumamosi iliyopita, hapa nyumbani kwetu Baraka, jua likiwa juu ya utosi. Alikuwa amekaa kizingitini, miguu nje, simu mkononi, anasoma kwa sauti mpaka kuku wanageuka. Mwalimu wake wa sekondari amewapa devuari, kazi ya nyumbani: wasome mashairi ya kale na hadithi za mambo yasiyokuwepo duniani, kisha kila mmoja aandike alivyojisikia moyoni alipokuwa akisoma. Nilimuuliza yeye ameandika nini. Akanisomea: "Nimefurahi sana, na nimejifunza mengi."

Umefurahi! Mtu anafurahi akila wali wa harusi. Aliyesoma jambo lenye nguvu haandiki kwamba amefurahi. Anaangalia kwanza kama mikono yake bado ni yake.

"Koko, iko hadisi tu," akasema. "Batu banaandika vitu ya kichwa yabo. Haiko kweli."

"Kaa vizuri," nikamwambia. Na nikamweleza haya.

Mimi nilipokuwa mtoto wa magoti ya kijivu na kichwa kilichonyolewa kwa wembe, nyumba yetu ilitawaliwa na Koko Anyesi, mama wa mama yangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, anayeamuru hata moshi upite wapi. Kwake hadithi zilikuwa za mangaribi, jua likishazama. Hakufungua mdomo mpaka kila mtu wa nyumba awe ameingia, na mlango umefungwa na kuegemezwa kinu. Ukimwomba hadithi mchana alikutupia kitu chochote kilichokuwa karibu na mkono wake.

Sababu aliitoa mara moja tu, akimenya muhogo, bila hata kuniangalia.

"Batu ba hadisi banatembeaka," alisema. "Ukibaita, banakuja. Mangaribi banakuta mulango imefungwa, banakaa na sie ku moto, hadisi ikiisha banarudi kwabo. Muchana banatoka inje, banakamata njia. Na ile njia iko na batu tayari. Mwenye kuwa safarini ndiye anakosa pa kupita."

"Na mutu akianza muchana bila kujua?"

"Anafunga mulango, anamaliza. Mutu wa hadisi ukimuacha katikati ya njia, umemuacha na njaa. Unafikiri atakula nini?"

Nilikuwa mtoto mwenye mdomo, lakini siku hiyo nilinyanyuka nikaenda kuufunga mlango.

Shule yetu ilisimama juu kidogo ya ufuko, matofali ya udongo, mabati juu, na chini ya mabati matundu ya kupitisha hewa. Mlango haukuwepo. Mchwa walikuwa wameumaliza, na wazazi walikuwa bado wanabishana nani alete mbao. Kwa hiyo aliyekaa benchi la mbele aliona ghuba yote, na ng'ambo yake mgongo wa rasi ya Ubwari umelala kama mnyama aliyeshiba. Boti zote za kutoka Kazimia huzunguka ncha ya Ubwari kabla ya kuingia kwetu. Mtoto ambaye mama yake alikwenda Kazimia kuchukua samaki wadogo wa ndagala, kama mimi, hakuhitaji tablo, ubao wa darasa. Aliangalia ncha ile tu.

Mwalimu wetu aliitwa Yoeli, kijana wa upande wa Uvira, mwenye shati jeupe moja na fimbo ya mpera isiyojua kupumzika. Asubuhi moja alikuja na kitabu kisicho na jalada, alichokipata misheni. Ndani yake mlikuwa na shairi refu la kale. Alinisimamisha mimi kwa sababu nilisoma bila kukwama. Siku ile mama alikuwa safarini kurudi. Boti lake lilikuwa limeondoka Kazimia alfajiri.

"Mwalimu, iko muchana," nikasema.

"Naona. Soma."

"Na mulango hakuna."

Darasa zima likacheka. Mwalimu Yoeli naye alicheka, na alikuwa na kicheko kizuri, ndiyo maana nilimchukia zaidi.

"Nani amekufundisha hiyo? Koko yako? Hadisi haina miguu, we mutoto. Iko karatasi. Soma, ao fimbo ikusomee ku mugongo."

Nikasoma.

Shairi lilikuwa la mwanamke ambaye ziwa lilimchukulia mtoto. Wengine wote walilia wakazoea. Yeye hakuzoea. Alijifunga kitenge, akatembea mpaka ufukoni, akaendelea kutembea, maji yakamfika magotini, kifuani, kichwani, naye bado anatembea, mpaka akafika chini kabisa, kwa yule anayeitwa Mwenye Maji, kumwambia amrudishie mtoto wake.

Neema anataka kuandika alivyojisikia. Mimi nitamwambia nilivyojisikia mimi. Kwanza niliona baridi kwenye vidole vya miguu, na nilikuwa nimesimama kwenye udongo mkavu. Kisha sauti yangu ikaanza kwenda mbele yangu. Nilikuwa bado sijafika kwenye neno, na tayari nalisikia. Kitabu kilisema huko chini samaki wanapita juu ya kichwa cha mtu kama ndege, na mimi, mtoto wa wavuvi, niliyekula samaki kila siku ya maisha yangu, sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali ambapo sisi ndio tuko chini yao. Niliinua macho nikaangalia ziwa letu. Lilikuwa si letu tena. Lilikuwa na chini.

Niliogopa. Na nilitaka mstari unaofuata kuliko nilivyowahi kutaka chakula.

Ndipo nikaona ncha ya Ubwari haipo. Wingu lilikuwa limeifuta. Upepo ukashuka juu ya ghuba, maji yakageuka rangi ya chuma, mabati yakaanza kupiga kelele, na wale wavuvi wachache waliokuwa karibu na ufuko wakavuta mitumbwi yao juu wakikimbia. Mwalimu Yoeli akatoa kichwa nje, akarudi haraka.

"Muende nyumbani! Mvua inakuja. Funga kitabu, tutaendelea kesho."

Wenzangu waliruka mabenchi kama mbuzi. Mimi sikusogea. Mwanamke wa shairi alikuwa amepiga magoti chini ya ziwa, mbele ya Mwenye Maji, na hajajibiwa. Na mama yangu alikuwa juu ya maji yale yale, nyuma ya wingu lile. Nilisikia sauti ya Koko Anyesi kama amekaa begani kwangu: atakula nini?

"Mi sifungi," nikamwambia mwalimu.

Enzi zile mtoto hakumwambia mwalimu maneno hayo. Fimbo ilikuwa mkononi mwake. Akaniangalia.

"Unasema nini?"

"Mama yangu iko mu boti. Anatoka Kazimia. Huyu mwanamuke iko chini bado, mwalimu. Nikimuacha pale, mama hatapita. Unipige kisha. Lakini acha nimalize kwanza, na tufunge mulango."

"Mulango gani? Mulango hakuna, umeona mwenyewe!"

Nikaanza kulia, lakini kwa hasira, maana alikuwa anasema kweli. Mvua ilikuwa imeanza kuingia. Mwalimu Yoeli akaangalia ziwa, akaniangalia mimi, akaangalia ziwa tena. Kisha akatupa fimbo. Akaenda ukutani, akainua tablo kutoka kwenye vigingi vyake viwili, zile mbao nzito zilizopakwa weusi, hesabu za asubuhi bado zimeandikwa, akaibeba mpaka mlangoni, akaisimamisha, akaiegemea kwa mgongo wake wote na visigino vikachimba udongo.

Ndani kukawa giza. Mwanga ulikuja kidogo tu kutoka kwenye matundu ya juu.

"Soma," akasema. "Soma mbio."

Hadi leo sijui kama alizuia mvua au alizuia hadithi. Sikumuuliza, naye hakunieleza.

Sikusoma mbio. Nilisoma kwa kupaza sauti juu ya mabati, kitabu kimegusa pua. Upepo ulisukuma tablo, mwalimu akasukumwa nayo, akairudisha. Mara mwanamke akasimama mbele ya Mwenye Maji akasema hataondoka, amfanye jiwe kama anataka, atakuwa jiwe linaloomba. Mimi nilikuwa mtoto, nilijua kuomba chakula na kuomba msamaha. Sikujua mtu anaweza kuomba namna hiyo, amesimama wima. Ngozi ya kichwa changu ilitembea. Na Mwenye Maji akashindwa. Akampa mwanamke mtoto wake amfunge mgongoni, na kwa kuwa safari ya kurudi juu ilikuwa na dhoruba, akayasemesha maji. Ubeti huo sijausahau, na sijawahi kuuona tena katika kitabu chochote:

Mwenye Maji katamka:
"Enyi mliochafuka,
laleni kama mkeka,
mama apite njiani."

Nilipomaliza nikafunga kitabu. Mwalimu Yoeli alikuwa na chaki mgongoni. Hesabu zetu zote zilikuwa zimehamia kwenye shati lake jeupe, pamoja na weusi wa tablo. Alitega sikio.

"Unasikia?" akaniuliza.

Mabati yalikuwa yamenyamaza. Nikaitikia kwa kichwa. Naye hakucheka.

Mama aliingia nyumbani mangaribi, milima ya nyuma yetu ikiwa imeshameza jua. Alikuwa amelowa mpaka mifupa, mikono mitupu. Koko Anyesi akamvua nguo, akamfunga blanketi, akamsukuma karibu na moto. Ndipo mama akasema.

"Samaki yote tumetupa. Pale ku ncha ya Ubwari maji iliingia mu boti mpaka ku kiuno. Mwenye boti alikuwa analia kama mutoto. Tukasema basi." Akanyosha mikono yake motoni. "Halafu maji ikalala, mama. Mbele yetu tu. Huku na huku mawimbi inasimama, lakini pale mbele ikalala kama mukeka mutu ametandika. Tukapita juu yake."

Nilikuwa sijamwambia mtu. Darasani tulikuwa wawili tu, na mwalimu hakupita kwetu. Mama yangu hakujua kusoma hata jina lake.

Koko Anyesi akageuka akaniangalia. Sijui aliona nini usoni kwangu.

"Mulisoma hadisi leo?"

"Ndiyo, Koko."

"Mulimaliza?"

"Tulimaliza."

"Mulango?"

"Mulango haiko. Mwalimu alifunga na tablo."

Akafikiri. "Tablo iko mbao," akasema mwishowe. "Inatosha." Akanikatia bugali kubwa kuliko ya kaka zangu, na walipolalamika akawatazama tu.

Sasa, msiniwekee maneno mdomoni. Sikusema shairi lilituliza ziwa. Nimezeeka kando ya maji haya, nimeona upepo wake ukija bila kubisha na ukiondoka bila kuaga, na nimeona boti zisizorudi siku ambazo hakuna mtoto aliyesoma chochote. Labda mama angefika hata kama ningefunga kitabu. Hilo "labda" nimekaa nalo maisha yangu yote, na sijawahi kuwa na hamu ya kulipima.

Ninachokijua ni kidogo, na kinanitisha zaidi. Mtu fulani, ambaye mifupa yake ilikuwa udongo kabla mama yangu hajazaliwa, alikaa mahali akaona maji yakilala kama mkeka. Aliyaonaje? Akayaweka kwenye karatasi, karatasi ikapoteza jalada, ikapita mikono ya watu nisiowajua, ikafika kwa mtoto mwenye magoti ya kijivu, na mchana huohuo mama wa mtoto yule akayaona maji yale kwa macho yake, akayaita kwa neno lile lile. Tangu hapo sijashika kitabu kama mtu anavyoshika sahani. Nakifungua kama ninavyofungua mlango wa nyumba ya watu. Nabisha kwanza.

Nilipomaliza kusema, Neema hakuwa anacheka. Alikuwa ameingiza miguu ndani.

"Koko," akasema, "mama anafika saa ngapi?"

Maana mama yake, binti yangu Salome, alikuwa ameondoka Kazimia asubuhi ile na ndagala zake. Nilikuwa nimelijua hilo tangu Neema alipoanza kusoma. Yeye ndiye aliyelisahau.

"Boti haina saa," nikamjibu. "Hadithi yako uliiacha wapi?"

Akaangalia simu. "Kuna binti ameingia mu tumbo ya mulima. Njia imejifunga nyuma yake."

"Na wewe umemwacha humo, umekaa hapa unanichekea."

"Sikujua, Koko."

"Umejua sasa."

Akasogea mpaka katikati ya nyumba, akakaa juu ya mkeka, akaongeza mwanga wa simu. Nikamwona anaangalia vidole vyake kwa mwanga ule, akivikunja na kuvikunjua, na nikajua kwamba ile habari ya kufurahi aliyoiandika ataifuta mwenyewe.

"Koko, unaenda wapi? Ukae na mi."

"Nina muhogo kwenye jua," nikasema. Na ni kweli, ninaanika muhogo kule chini, juu ya mawe ya ufukoni. Mwanamke anayegeuza muhogo anaweza kuangalia maji mchana kutwa na hakuna wa kumuuliza anaangalia nini.

Akaanza kusoma. Sauti yake ilikuwa ndogo, kisha ikashika. Nilichukua ungo wangu, nikatoka, nikauvuta mlango mpaka nikasikia komeo limeingia.