Nguzo Iliyolala Upande

Mume wangu atanitoa roho. Nalisema hilo kwanza, mtu asije akadhani nimekaa hapa kumsifu.

Kazi yake kwa miaka ishirini na sita ni kusoma maji. Mtoni kwetu, pale mitumbwi inapofungwa, kuna nguzo ya chuma yenye mistari na namba, nusu imo majini na nusu iko nje. Asubuhi saa kumi na mbili anakwenda kuangalia maji yamefika namba gani, jioni saa kumi na mbili anakwenda tena, anaandika kwenye daftari, kisha anatuma namba kwa simu kwa wahandisi wa bwawa kubwa lililoko juu ya mto. Mvua, jua, msiba, harusi ya mtoto wake wa kumzaa, yeye saa kumi na mbili yuko mtoni. Siku najifungua mtoto wa pili alimwambia mkunga, "Nisubirini kidogo, narudi." Mkunga akamjibu kwamba mtoto hana breki.

Wavuvi wanamwita Sentimita, na mimi, bila kosa lolote, naitwa Mama Sentimita. Nyumbani pipa la maji amelichora mistari. Nikichota ndoo mbili za kufulia, ananiuliza kwa nini pipa limeshuka kiasi kile. Khaa! Na habishiki. Ukimgusia habari ya mto anakutazama kuanzia juu mpaka chini, halafu anaendelea kuchonga penseli yake.

Zamani mto wetu ulikuwa na adabu. Ulipanda polepole, samaki wakaingia kwenye nyasi za bonde kutaga, vifaranga wakakua humo, maji yakarudi nao mtoni. Tangu bwawa lijengwe, unapanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Asubuhi kina, jioni tope. Ndege wanaotaga kwenye mchanga, mayai yao yanasombwa kabla hayajaanguliwa. Samaki wakishaingia kwenye nyasi, maji yanawakimbia. Mdogo wangu ni mvuvi, na miaka miwili mfululizo alirudi na nyavu zenye majani matupu. Mimi ninayebanika samaki kwa kuuza, tanuri langu lilikaa baridi mpaka kuku wa jirani akaenda kutagia humo.

Mwaka huu akaja injinia mpya wa bwawa, mwanamke kijana, tena msikivu. Akakaa na wavuvi, wakaelewana: msimu wa kutaga, kwa siku arobaini, maji yasishuke chini ya mita mbili kwenye nguzo yetu. Yakipungua atafungua milango ya bwawa, yakizidi ataifunga. Atajuaje? Kwa namba za mume wangu. Siku hiyo bwana alirudi nyumbani kavimba kichwa, nikaogopa mlango hautamtosha.

Basi mchanga ulikuwa umejaa kule viboko walikozoea kukaa, wakatafuta kina kingine, na kina kilichobaki ni hapo hapo penye nguzo. Wakahamia watano. Dume lao likaipenda ile nguzo. Linakuja kujikuna mgongo taratibu, macho limeyafumba, linasukuma wee mpaka linaridhika. Siku ya tatu nikaona.

"Baba watoto," nikamwambia, "nguzo yako imelala."

"Iko wima."

"Imelala upande wa kushoto! Hata kipofu anaona."

"Mama watoto, kati yangu na wewe, nani anaitazama kila siku?"

Sasa hapa ndipo penye kichekesho, ila mimi sicheki. Miaka minne iliyopita alianguka kutoka juu ya bati akipigilia misumari, na shingo ikapona vibaya. Kichwa chake kimelalia kushoto. Nguzo nayo ililalia kushoto. Kwa macho yake vitu hivyo viwili vilikuwa vimenyooka, sisi wengine wote ndio tulioinama. Nilimwambia mara nne. Mara ya nne akanijibu kwamba labda ni miwani yangu, na mimi sina miwani! Wavuvi nao waliona, wakajitia hamnazo. Nani aanze kubishana na Sentimita kuhusu mto?

Nguzo ikilala, maji yanagusa namba kubwa kuliko kina chenyewe. Yeye akasoma mita mbili na zaidi, injinia akaona maji yanatosha na kubaki, akafunga milango kidogo. Maji yakashuka. Dume likaja kujikuna, nguzo ikalala zaidi, namba ikabaki mbili. Kila siku anatuma mbili, asubuhi na jioni, roho yake nyeupe kabisa.

Asubuhi moja mdogo wangu akanijia mbio jikoni, ametapakaa tope mpaka magotini.

"Dada, acha hayo, twende bondeni ukaone."

Nikaenda. Jamani. Nyasi zote zilikuwa zimelala, maji yamebaki vidimbwi vidogo, na kila kidimbwi kinachemka vifaranga. Elfu na elfu, wanarukaruka juu ya wenzao, wengine wameshageuka matumbo juu. Yangeyange na korongo walikuwa wamejipanga kando, wameshiba hata kuruka hawawezi. Kenge wanapita polepole kama wako sokoni. Wale ndio samaki wetu wa mwaka kesho na wa keshokutwa. Kama maji yasingerudi ndani ya siku mbili, tatu, basi tena, nyavu zitundikwe ukutani.

"Makubaliano ni mita mbili," mdogo wangu akasema. "Mita mbili hapa niliposimama maji yangenipita vifundo vya miguu. Shemeji anasoma nini huko?"

Damu ilinipanda. Nilipita kwa fundi uashi, nikaazima timazi, ule uzi wenye jiwe la chuma wanaopimia kuta kama zimenyooka, nikashuka nao mtoni karibu nakimbia. Mume wangu alikuwa amekaa anapanga penseli.

"Panda mtumbwi," nikamwambia.

"Kuna nini?"

"Panda, wewe bwana, kabla sijasema maneno nitakayoyajutia."

Alipanda. Mdogo wangu alishika kasia, macho yake yote yako kwa lile dume. Nikafunga uzi kwenye ncha ya nguzo, nikaachia jiwe. Uzi ukashuka wima. Nguzo ikabaki huko kwake upande, na kati yao ungepitisha sufuria ya watu kumi.

Nilijiandaa kwa ubishi. Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga tangu kule bondeni. Hakubisha. Alichukua rula yake ya mbao, akapima mwenyewe, akapima tena.

"Mita moja na themanini na mbili," akasema.

Shubiri moja! Kwenye bonde lililo tambarare kama lile, shubiri moja ni nyasi zote kukauka. Akafungua daftari, akahesabu kurudi nyuma kwa kidole.

"Siku kumi na moja," akasema. "Siku kumi na moja nimetuma uongo."

"Nilikuambia!" nikapiga kelele. "Mara nne!" Na sijutii, nilikuwa na haki yangu.

Tulipofika nchi kavu akampigia injinia. Kwa sababu ya ile shingo hawezi kuibana simu sikioni, huiweka sauti kubwa, kwa hiyo wavuvi wote waliokuwepo walisikia. Alieleza yote bila kuzunguka. Injinia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee," akasema, "ngoja nikusaidie. Nitaandika kwamba kiboko ameangusha nguzo leo. Wakaguzi watakuja wiki ijayo, wataisimamisha, halafu tutaongeza maji. Wewe hutaguswa."

"Wiki ijayo vifaranga watakuwa wamekwisha, mwanangu."

"Naelewa. Lakini kwa namba zako maji yanatosha, kwa hiyo nikifungua milango leo lazima nitoe sababu. Itabidi niandike kwamba namba zako si za kweli tangu siku kumi na moja, na hilo likishaandikwa hapana mtu hapa ofisini atakayepokea namba yako tena. Hata za zamani watazitilia shaka. Umenielewa, mzee?"

Nilimwelewa mimi. Nikamfinya mume wangu mkono. Ndiyo, nilimfinya, nasema wazi. Nilikuwa nimetoka kuwaona wale samaki kwa macho yangu, na bado nilitaka aseme ahsante, andika kiboko. Mtu amekosa harusi, amekosa mazishi, amemwacha mke na uchungu wa kuzaa kwa ajili ya namba hizo. Leo zote ziwe takataka? Mdogo wangu alitazama chini. Hata yeye hakuthubutu kumsukuma.

"Kiboko hajui kusoma," mume wangu akasema. "Aliyesoma vibaya ni mimi, tena mke wangu aliniambia. Andika hivyo. Fungua maji."

Maji yalifika kesho yake alasiri. Mimi, mdogo wangu na wavuvi tulishinda bondeni na majembe, tukichimba vijia vya kuunganisha vidimbwi ili maji yakifika vifaranga wapate pa kupita. Vidimbwi vya juu vilikuwa vimekwisha kufa, vinanuka. Vya chini, karibu nusu ya vyote, tuliwahi. Maji yalipoingia kwenye nyasi wale wadogo walitawanyika mara moja, na korongo wakaondoka wamenuna. Mvuvi mmoja akasema kwa sauti kwamba ile nusu iliyokufa imeuawa na Sentimita. Nikamgeukia nikampa vipande vyake, mpaka mdogo wangu akanishika bega. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Nilirudi nyumbani jua linaelekea kuzama. Barua ya ofisi ya bwawa ilikuwa imeshaletwa na mtu wa pikipiki, iko juu ya meza: asiiguse nguzo, asitume namba, watafunga mashine ya kusoma maji. Mume wangu alikuwa amekaa kizingitini na viatu vyake vya mtoni miguuni. Nikatazama saa ya ukutani, ilikuwa imeshapita kumi na mbili. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Ukaidi wake, miwani nisiyokuwa nayo, korongo walioshiba samaki wetu, vyote vilikuwa mdomoni.

"Mke wangu," akaniuliza, "maji yamefika wapi?"

Miaka thelathini na moja ya ndoa, hajawahi kuniuliza.

"Yamefika kwenye nyasi," nikamwambia. "Yananipita vifundo vya miguu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaitikia kwa kichwa, akainama kufungua kamba za viatu.