Mpigapicha Aliyenuniwa na Shangazi

Shangazi yangu amepiga picha katika mji mkuu kwa miaka ishirini na sita. Harusi, mikutano, mahafali, uzinduzi wa majengo, safari za mashirika yanayotaka kuonyesha kazi zao mikoani, kote amekwenda na begi lake jeusi na raba zake. Kwake yeye, kitendea kazi cha kwanza cha mpigapicha ni viatu. Mimi nimelelewa naye. Sebule yetu ndiyo ilikuwa ofisi, na mara nyingi tulikula tumebanana kwenye ncha ya meza kwa sababu upande wa pili albamu za watu zilikuwa zikikauka gundi.

Katika kazi hiyo alikuwa na hasimu mmoja. Watu walimwita Kizibao, maana kizibao chake cha mifuko mingi hakukivua hata kwenye joto kali. Ugomvi wao ulianza siku ya uzinduzi wa jengo moja la ofisi. Mgeni rasmi alipokata utepe, Kizibao akajitosa mbele ya kamera ya shangazi. Picha aliyoambulia shangazi ilikuwa ya kisogo cha Kizibao, tena kimetoka vizuri, kila unywele unaonekana. Mteja hakuona cha kuchekesha, na hakumwita tena. Kwa miaka saba wakawa wanapishana karibu kila wiki kwenye milango ya kumbi, na hakuna aliyemjulia mwenzake hali.

Jumamosi moja shangazi alikuwa na harusi kwenye hoteli yenye kumbi mbili. Kwenye ukumbi wa chini kulikuwa na mkutano wa wapima ardhi, na mpigapicha wao alikuwa Kizibao. Saa nane mchana maharusi walikuwa wakishuka ngazi, shangazi amewatangulia akiwaelekeza. Ghafla mkono wake wa kulia ukalegea, kamera ikabaki inaning'inia shingoni. Akataka kumwambia bibi harusi ainue kidevu, maneno yakatoka yamevurugika. Waliokuwa karibu wakadhani ni uchovu, mmoja akaenda kumtafutia soda.

Kizibao, aliyekuwa ametoka kunyoosha mgongo, alimwona kutoka chini. Aliona mdomo umeenda upande. Mama yake mzazi aliwahi kupata kiharusi, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa. Alipanda ngazi mbili mbili, akamshika, akamgeukia mjomba wa bibi harusi.

"Asinywe kitu," alisema. "Apelekwe hospitali sasa hivi. Sasa hivi, mzee wangu."

Gari lililokuwa mlangoni lilikuwa la maharusi. Ndivyo shangazi alivyofikishwa hospitali, ndani ya gari lililopambwa maua na riboni, mjomba mtu akiwa kwenye usukani. Daktari alituambia baadaye kwamba kuwahishwa kule ndiko kulikomwokolea kauli yake.

Kizibao hakuishia hapo. Alimwomba ruhusa mwenyekiti wa wapima ardhi, ambao picha yao ya pamoja ilikuwa imeshapigwa asubuhi, akarudi juu na kamera ya shangazi, aliyokuwa amemvua shingoni. Ilikuwa ya aina asiyoizoea, vitufe vyake vimekaa kinyume na vya kwake. Alipiga harusi ile mpaka keki ikaliwa.

Jumapili alikuja wodini na bahasha. Ndani yake mlikuwa na kadi ya kamera na karatasi ya daftari aliyoandika kila kitu: nani kapiga picha na nani, na kwamba mama wa bibi harusi alitaka picha na dada zake watano, ikarudiwa mara tatu kwa sababu yule wa kushoto hufumba macho kila mara.

Shangazi aliisoma karatasi yote. Kisha akamuuliza, kwa maneno aliyoyavuta moja moja, kama amewaambia wenye harusi kwamba picha kazipiga yeye, Kizibao.

"Harusi ni yako, dada," Kizibao akajibu. "Mimi nilikushikia kamera tu."

Shangazi alimshika mkono kwa ule wa kushoto na hakuuachia upesi. Lakini jibu lile halikumridhisha. Maharusi walipokuja nyumbani kuchukua albamu, aliwakalisha akawaeleza ukweli wote. Bibi harusi alicheka. Kumbe muda wote alidhani Kizibao ni baba mdogo wa mumewe, kwa jinsi alivyokuwa akiwapanga mashangazi bila woga.

Miezi sita ya mazoezi ilimrudishia shangazi mwendo, lakini kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kile cha kubonyezea, kiligoma. Alianza kusema atauza kamera. Ndipo Kizibao akaja na habari ya safari: shirika la maji lilitaka picha za wafanyakazi wa mitambo katika miji minane, na yeye ameshawaambia wako wawili. Shangazi alikataa, akasema atakuwa mzigo tu.

"Nina mifuko kumi na minne hapa," Kizibao alisema, akikipigapiga kizibao chake, "na hakuna hata mmoja wenye jicho kama lako. Twende, dada."

Alimletea mguu wa kusimamishia kamera na waya wenye kitufe mwishoni, wa kubonyezwa kwa mkono wa kushoto. Safarini Kizibao alikimbia huku na huko kupiga mabomba na matangi. Shangazi alikaa kwenye kiti kando ya kamera na kupiga watu. Kwa kuwa uso wake haukujificha tena nyuma ya kamera, alizungumza nao. Mama mmoja mwangalizi wa pampu alikuja amekakamaa kama anapigwa picha ya kitambulisho. Shangazi akamuuliza pampu ikigoma huwa anaiambia nini. Yule mama akaangua kicheko, na kitufe kikabonyezwa.

Picha ile sasa imetundikwa kwenye mapokezi ya shirika. Nilipokwenda kuiona nilikuta wafanyakazi wawili wamesimama mbele yake, nao wanacheka. Niliporudi nikamsimulia shangazi. Alisema anamshukuru Mungu kwa kumpa siku za kuendelea kufanya kazi, na kwa kumpatanisha na yule aliyekuwa akimnunia. Halafu akaniomba nimsaidie kufunga zipu ya begi. Kesho yake asubuhi walikuwa na safari nyingine, siku tisa, na Kizibao alishapiga simu mara mbili kuuliza kama amekumbuka dawa zake.