Hodi ya Nne

Jilala Limbu alikuwa fundi baiskeli pale Kanyenye, mjini Tabora, na kama alikuwa na kilema, kilikuwa haya. Mteja akiondoka na pampu yake kwa kujisahau, Jilala angekaa siku tatu akiiwazia ile pampu bila kuthubutu kumfuata. Mtu mzima wa miaka arobaini na saba, lakini mbele ya mzee mwenye kanzu safi maneno yalimpotea.

Alipanga vyumba viwili katika nyumba ya zamani ya udongo, yenye kuta nene zilizojengwa wakati misafara ingali inapita. Chumba cha mbele alilala yeye na mkewe, Koleta. Cha nyuma alilala mama yake, bibi Ng'washi, aliyeletwa kutoka Nzega baada ya kupooza upande mmoja. Kitanda cha mama kiligusa ukuta, na ukuta ule ulikuwa na ufa.

Mwezi wa nne ufa ulikuwa mwembamba kama ukucha. Jilala akabana njiti ya kiberiti ndani yake, aone kama unaongezeka. Baada ya wiki mbili njiti ikaanguka. Akabana kipande cha raba ya tairi, nacho kikaanguka, akabana kikubwa zaidi. Kufika mwezi wa kumi, kiganja kiliingia, na ukuta ulikuwa umetoa tumbo kuelekea kitandani. Mvua za kwanza zikiingia pale, mama angefukiwa amelala. Jilala aliliona jambo hilo kila alipofumba macho.

Ukuta haukuwezekana kutengenezwa bila kuingia chumba cha upande wa pili, na chumba hicho kilikuwa na kufuli. Hakikupangishwa. Ufunguo alikuwa nao mwenye nyumba, Mzee Nurdini, aliyeishi peke yake ng'ambo ya ua.

Jilala alikwenda kwake kila Jumapili. Alipiga hodi mara tatu, kama alivyolelewa: ya tatu isipoitikiwa, mtu anaondoka zake. Mzee Nurdini aliijua vizuri desturi hiyo. Hodi ya kwanza, redio ilipunguzwa sauti. Ya pili, kimya. Ya tatu, harufu ya kahawa inayochemka kutoka jikoni, na kimya. Jilala akageuka.

"Umemwambia?" Koleta aliuliza.

"Hayupo."

"Hayupo, na redio inajisikiliza yenyewe?"

Siku walipokutana njiani mzee alimshika bega. "Fundi nitamleta, Jilala. Inshallah wiki hii." Wiki zikapita.

Walijaribu kumhamisha mama. Bibi Ng'washi alishika fremu ya kitanda kwa ule mkono mzima, akalia mpaka majirani wakaja. "Nikitoka hapa, nitamwacha na nani?" alisema. Wakadhani ni maradhi.

Basi siku moja baada ya adhuhuri Jilala alirudi nyumbani kuchukua bisibisi. Jua lilikuwa kali, ua mzima umelala, hata kuku hawalii. Akiwa mlangoni akamsikia mama yake, kwa ule mdomo uliopinda, akisema polepole:

"Shikamoo."

Jilala alisimama. Mama yake alikuwa na miaka themanini na mitatu. Mtaa wote ulimwamkia yeye. Hapakuwa na mtu Kanyenye, aliye hai, ambaye bibi Ng'washi angemwambia shikamoo.

Mama alikuwa ameuelekea ukuta. Alingoja kidogo, kisha uso ukamlegea, kama mtu aliyekwisha kupewa marahaba yake.

"Mayu, unamwamkia nani?"

"Bibi wa upande wa pili. Amefungiwa. Anasema ana kiu."

Jilala akaweka kiganja kwenye ufa. Hewa ya baridi ilitoka, ikakoma. Ikatoka, ikakoma. Kwa ndani kulikuwa na mvumo mdogo. Akajiambia ni nyuki. Tabora ni nchi ya nyuki, nao hupenda kuta za zamani. Akaichukua raba yake iliyoangukia shuka, akaisukuma ndani ya ufa, akaibana sana.

Raba ikarudishwa. Taratibu, kama inayosukumwa kwa kidole, ikatoka, ikaanguka mkononi mwa mama.

Jilala alivuka ua bila kujua miguu imempelekaje.

"Hodi!" Redio ikapunguzwa. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Miguu ikataka kugeuka yenyewe, maana imezoea. Akaushika mwimo wa mlango.

"Hodi!"

Ndani kikombe kilianguka, kikavunjika. Mlango ukafunguka kidogo, na uso wa Mzee Nurdini ulikuwa umepauka kama majivu.

"Nani amekufundisha kupiga ya nne?"

"Mama anamwamkia bibi aliye mle chumbani, mzee. Anasema ana kiu."

Mzee akakaa chini, kizingitini, na kanzu yake safi. "Bibi yangu, Tunu," alisema. "Alifika Tabora akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na msafara kutoka Manyema. Mimi nilikuwa na miaka minane. Watu wazima walikwenda mazikoni, wakaniachia kazi moja tu, nimpe maji. Nikatia kufuli chumba kile asitoke, nikaenda kucheza. Alipiga hodi kutoka ndani. Nilisikia. Nikasema, akifika ya tatu atanyamaza. Alipopiga ya nne, nikakimbia nisiisikie." Akafuta midomo. "Waliporudi walimkuta mlangoni."

"Mimi mambo hayo siyawezi," Jilala alisema. "Ninachojua, mama yangu yuko chini ya ukuta. Lete ufunguo."

Alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mwenye kanzu.

Safari hii bibi Ng'washi hakushika kitanda. Jilala na Koleta walimbeba mpaka uani, wakamlaza mkekani. Kufuli lilikuwa limeshika kutu; ufunguo haukuzunguka. Jilala akaleta msumeno wa chuma, akakata. Mzee Nurdini alisimama nyuma yake na kikombe cha maji.

Mlango ulipofunguliwa, ukuta ukaanguka. Wote uliangukia upande wa kitanda, na kitanda kikakatika katikati. Vumbi lilipotulia Jilala alitazama kila kona. Hakuona nyuki hata mmoja, wala sega, wala nta.

Mkekani, mama alikuwa ameinua mkono wake mzima, anaaga. "Amepita," alisema. "Amekwenda kwa mjukuu wake."

Fundi aliletwa kesho yake asubuhi. Ukuta ukajengwa kwa matofali ya kuchoma, ukapigwa lipu kabla ya mvua. Bibi Ng'washi alirudi chumbani kwake, na hakumwamkia mtu tena.

Jumapili Jilala alikwenda kutoa shukrani. Alipiga hodi moja tu.

"Karibu."

Redio ilikuwa imezimwa. Juu ya meza kulikuwa na kahawa ya mtu mmoja, na pembeni, mbele ya kiti kitupu, kikombe cha maji. Jilala alitaka kukivuta kile kiti.

"Hapo pana mtu," Mzee Nurdini alisema kwa upole. "Chukua mkeka."

Jilala akainamisha uso, haya zimemshika. Akakiamkia kiti kwanza, ndipo akakaa.