Upande wa Mfalme

Binti yangu alirudi kutoka shuleni, hapa Arlington, akiwa amenuna. Darasa lao lingefanya mdahalo kuhusu Wamarekani walivyojitenga na Uingereza, na mwalimu alikuwa amempangia kuwatetea wale waliobaki watiifu kwa mfalme. Kwa Kiingereza, kama kawaida yake, alitaka kujua ni nani mwenye akili angesimama upande huo.

"Babu yangu," nikamwambia.

Alidhani namtania. Jumamosi nikampeleka Houston kwa shangazi yangu, muuguzi mstaafu, ambaye akiwa mtoto aliviona vita vya uhuru vya kwetu, tulipotawaliwa na Waingereza hao hao.

Shangazi alitukaangia mandazi, akasimulia bila kuficha. Baba yake, yaani huyo babu yangu, alikuwa mwalimu wa kanisa. Wapiganaji wa msituni walipomtaka ale kiapo, alikataa kwa ajili ya dini yake, nao wakamchomea nyumba. Waingereza wakampa bunduki alinde kijiji, akaipokea. Mdogo wake naye alikuwa huko huko msituni, akipigania ardhi yao. Kila jioni shangazi aliomba wasikutane.

"Walikutana, Nyanya?" binti yangu akauliza, kwa Kiswahili safari hii.

"Vita vilipoisha. Baba mdogo alitoka kizuizini akakuta shamba lake limechukuliwa. Baba akamkatia nusu ya lake, halafu wakabishana mpaka uzeeni."

Akatuchekesha kwa habari ya picha ya malkia wa Uingereza iliyokuwa sebuleni kwa baba yake. Mdogo mtu akija kunywa chai, aliigeuza itazame ukuta. Akiondoka, kaka yake aliirudisha, wala hawakuwahi kuizungumzia.

Siku ya mdahalo niliomba ruhusa kazini nikaenda kusikiliza. Binti yangu hakumsifu mfalme hata kidogo. Alizungumza juu ya majirani waliochomeana nyumba, na familia zilizokimbilia Kanada zikiwa na hofu. Kura zilipopigwa alishindwa, akacheka tu.

Garini aliniuliza kama babu yangu alikosea. Nilimjibu kwamba nafurahi uhuru ulipatikana, na kwamba yule mzee nilimpenda sana. Jibu hilo halikumtosha. Tulipofika nyumbani alimpigia shangazi simu, akamtetea babu kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Shangazi, kumbe, siku zote alikuwa upande wa baba yake mdogo. Nilipika chakula chote cha jioni nikiwasikiliza wakibishana.