Maziwa Yanayomngoja Chenge

MWANZA. Saa nne asubuhi kengele inalia, na Odeta Masalu anaweka chini kisu cha minofu. Ananawa mikono mara tatu, anakwenda nyuma ya ukuta wa kiwanda cha sangara, anakamua maziwa yake kwenye kikombe cha bati. Kisha anayamwaga kwenye nyasi.

"Paka wa hapa watanenepa kwa ajili yako!" anamtania Selina, mwenzake wa mezani.

"Waache wanenepe. Nikiacha kukamua yatakauka. Chenge akirudi atanyonya nini?"

Chenge ni mwanawe wa miezi minne. Wiki ya tatu sasa yuko kwa bibi yake Busisi, ng'ambo ya kivuko cha Kigongo.

Awali yaya alimleta getini kila mapumziko. Dakika ishirini tu! Mtoto alinyonya kwa pupa, akameza na hewa, akalazwa chali papo hapo. Alicheua hadi puani, akalia amejipinda mgongo.

Mama mkwe, Teodora, alipoona hayo alitoa hukumu: "Unashinda na matumbo ya samaki, maziwa yako yameharibika." Akambeba mjukuu, akaenda naye Busisi, akawa anampa maziwa ya ng'ombe.

Odeta alirudi mezani kwake. Kiwanda hiki, kinachosifiwa tangu mwaka 1993 kwa kuleta dola, kinapima ubaridi wa kila sangara. Watoto wanaolia getini hakuna anayewahesabu.

Wiki iliyopita alimwendea muuguzi wa kliniki, Gladness.

"Maziwa yako hayana kosa," muuguzi alimwambia. "Mlango wa juu wa tumbo la mtoto mchanga bado umelegea. Ukimjaza haraka kisha ukamlaza, maziwa yanapanda na ukali wa tumbo, yanamchoma koo. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mshike wima mpaka abeue. Na ya ng'ombe wamwachishe. Kuna watoto yanawazidishia."

Jumapili zikaja salamu kutoka Busisi: mtoto bado anacheua, tena zaidi. Odeta alicheka, maana safari hii si maziwa yake, halafu akalia.

"Usiku namsikia kabisa," anasema. "Naamka, nakumbatia kanga."

Amemwomba msimamizi mapumziko mawili mafupi badala ya moja. Alijibiwa, "Tutaona." Yeye hangoji waone.

"Jumamosi navuka. Nitapiga magoti, 'Shikamoo mama,' nimweleze yote ya muuguzi. Halafu namnyonyesha mwanangu mbele yake, namshika wima begani, hata saa nzima. Aone mwenyewe, kisha narudi naye."

Kengele inalia tena. Odeta anasuuza kikombe, anakifunika dirishani. Kesho ni Ijumaa. Atamwaga mara ya mwisho.