Samaki Waliokunywa Dawa

"Mwanaheri, mwenzangu, utaacha lini kutuharibia vita yetu?"

Jirani yake Zamda alimuuliza hivyo asubuhi moja, amejishika kiuno. Mwanaheri ana perege mkononi, ndoana bado imo mdomoni mwa samaki. Tangu usichana wake kazi yake ilikuwa hiyo: kwenda kwenye bwawa la Mahege, kusema Bismillahi, kutupa mshipi, kurudi na kitoweo. Mtu hajapata kugombana naye, sembuse vita.

Balaa aliileta Mwinyimvua, mjumbe wa dawa ya kumfukuza Mdachi na pamba yake. Alikuja na kibuyu kimoja, akawakuta wanaume wamejaa kama siafu. Alipoona dawa haitoshi, akaimimina yote bwawani.

"Ogeni humu. Chuma hakitawaingia, risasi zitageuka maji. Ila mwiko: msiwakaribie wake zenu!"

Shaabani, mumewe Mwanaheri, akaoga mpaka ndani ya masikio, akahamishia mkeka wake uani.

Basi perege nao wakawa wanaishi ndani ya dawa, wanainywa kutwa kucha, na ndoana ya chuma inawaingia vilevile. Wanaume wakaanza kunong'ona. Mwinyimvua akaitwa aeleze.

"Samaki hawakushika mwiko," akasema bila kupepesa. "Wanalala na wake zao."

Watu wakaguna: kumbe! Wakashinda wanajenga wando, uzio wa matete, katikati ya bwawa, madume huku, majike kule. Mwanaheri akaamriwa awachague.

"Huyu?" Mwinyimvua akauliza.

"Dume, bwana."

"Una hakika?"

"Kama huniamini, muulize mwenyewe."

Kambale mmoja aliruka wando akaangukia kwa majike. Kijiji kizima kikamzomea.

Kesho yake, mikuki iko mabegani, safari ya kwenda kulipiga boma la Mdachi imewadia, wakamtaka Mwanaheri avue upande wa madume, mbele ya wote. Shaabani alikuwa safu ya kwanza, kifua wazi, anatabasamu. Mwanaheri akatupa mshipi. Miaka yote aliomba samaki ashike. Siku ile alinong'ona: Ya Rabi, leo usinipe.

Mshipi ukavutwa. Perege dume, mnene, ndoana imemtoboa mpaka shavuni.

Mwinyimvua akamtazama yule samaki kwa masikitiko.

"Huyu aliwaza tu," akasema. "Hata kuwaza ni mwiko. Haya, twendeni!"

Watu wakashusha pumzi, wakacheka, wakainua mikuki, Shaabani naye akainua wake. Mwanaheri akamweka samaki chini, akajifuta mikono kwenye kaniki, akapiga goti mbele ya mjumbe.

"Una haja gani, mama?"

"Bwana, nakuomba utangulie wewe, mume wangu akufuate nyuma."