Kiumbe wa Kumalizia

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa mkalimani kwenye mradi wa maji kambini, wilayani Ngara. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi Ntobeye kulima maharage na mama, cheti changu kikiwa na F ya hisabati. Kazi niliipata kwa sababu Kihangaza chetu na Kirundi cha wakimbizi ni ndugu wa tumbo moja. Mhandisi wa mradi, mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha miezi mitatu, alihitaji mtu wa kumwokoa kila alipokwama.

Pale matangini alikuwepo pia mwalimu. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, wa umri wa baba yangu, aliyekuwa akifundisha hisabati sekondari kabla ya kuvuka mpaka. Kambini alipima kina cha maji kwenye matangi na kukiandika kwenye daftari la mirabaraba. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, na mara nyingi hilo ndilo neno pekee tulilolipata kwake hadi mchana. Mkewe alifia njiani. Nilielezwa na wengine. Yeye hakuwahi kulisema.

Masika ya mwaka wangu wa kwanza mvua ilinyesha mfululizo zaidi ya wiki. Barabara ikawa tope, magari ya maji yakakwama, nasi watatu tukabaki stoo chini ya turubai, katikati ya mabomba. Siku ya pili mhandisi alitoa boksi la karata. Hazikuwa hizi za kopa na shupaza. Kila moja ilikuwa na picha na maelezo yake: nyingine ni ardhi, zinakupa nguvu ya kutumia zile nyingine, nyingine ni viumbe wa kupigana, nyingine ni uchawi wa kuua kiumbe wa mwenzako, au wa kuikataa karata yake kabla haijatua mezani. Kila mtu anaanza na uhai ishirini. Uhai ukiisha, umeshindwa. Karata zako zikiisha, umeshindwa vilevile.

Mhandisi alitupiga siku nzima. Fungu lake lilijaa viumbe wadogo wenye mbio, na kabla hujapanga ardhi zako vizuri uhai ulikuwa umefika nusu. Jioni mwalimu aliomba karata ambazo mhandisi hakuzitumia. Kesho yake alikuja na fungu la namna nyingine kabisa. Lilikuwa la kuzuia tu: kukataa, kuua, kungoja. Mhandisi alishindwa kupita. Lakini mwalimu naye hakuwa na cha kumpigia, wakakaa hivyo mpaka karata za mwalimu zikaisha.

"Nimemzuia mpaka nimejishinda mwenyewe," aliniambia kwa Kirundi. "Tunahitaji kiumbe wa kumalizia."

Alisema "tunahitaji". Nikavuta kiti.

Ndani ya boksi mlikuwa na viumbe watatu waliofaa kujaribiwa. Mimi nilichagua joka. Lilikuwa kubwa, linaruka, na kwa mapigo matatu mtu amekwisha. Mwalimu hakunibishia, aliniacha nilicheze. Nilikusanya ardhi saba, nikazitumia zote kulitua. Mhandisi akatoa karata moja ndogo ya kuua, joka likaenda, nami nikabaki mikono mitupu.

"Baada ya kulitua, ulibakiwa na nguvu kiasi gani ya kulilinda?" mwalimu aliuliza.

"Sikubakiwa na kitu, mwalimu."

Akaandika sifuri kwenye daftari lake. Wa pili lilikuwa jitu la mawe ambalo uchawi haukuligusa. Nililipenda, lakini lilitembea chini, na kila lilipotoka kushambulia mhandisi alitupa mbele yake kijidudu kimoja cha kufa. Tulihesabu: mapigo tisa, na hakuna hata moja lililomfikia.

Wa tatu alikuwa ndege wa miguu mirefu. Tulimwita musambi, kama wale wa mabondeni kwetu, ingawa hakufanana nao sana. Alitaka ardhi nne tu. Aliruka, na baada ya kushambulia hakulala kama wengine, bali alibaki macho kukulinda. Ila kila pigo lake liliondoa uhai tatu tu.

"Atahitaji mapigo saba," nilisema. "Huyu atatumaliza sisi kwa kuchoka."

"Una haraka ya wapi?" mwalimu aliuliza. "Mvua unaisikia."

Ndipo akageuza daftari upande wangu. "Mhandisi ana karata sita za kuua kati ya sitini. Mkononi ameshika karata nne. Tuone uwezekano wa kwamba moja imo humo." Darasani jambo hilo lilifundishwa kwa Kiingereza, nami nilikuwa nikiinamisha kichwa nisiulizwe. Sasa nilitaka kujua jibu. Tulilitafuta asubuhi nzima, yeye akinieleza kwa Kirundi, akirudia bila kukunja uso nilipokosea. Siku ile alizungumza kuliko miezi yote niliyomfahamu.

Siku ya mwisho ya mvua mwalimu alinikabidhi fungu lake nicheze na mhandisi. Yeye alikaa pembeni, na tulikubaliana asiseme neno. Nilizuia, nikaua, nikashuka hadi kubakiwa na uhai sita. Musambi alikuwa mkononi tangu mwanzo. Ardhi ya nne ilipofika vidole vilimgusa, nikamrudisha. Ya tano, nikamrudisha. Ya sita ilipofika nilimtua, nikabakiwa na mbili za kumlinda. Mhandisi akatoa karata yake ya kuua. Nikaikataa. Akaniangalia, kisha akamwangalia mwalimu. Yaliyofuata yalikuwa mapigo saba, moja baada ya jingine.

Mhandisi alisimama, akampa mwalimu mkono kwanza, kisha mimi. "Nimeshindwa na ndege," alisema kwa Kiswahili chake, na mwalimu akacheka mpaka akavua miwani kuifuta.

"Ulitaka kumtoa mapema," aliniambia tulipotoka. "Niliuona mkono wako. Huo mtihani wako wa hisabati, utaurudia lini?"

Sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote kambini habari ya ile F. Nadhani aliisoma kwenye namna nilivyoliogopa daftari. Tulisoma mwaka na nusu, kila siku baada ya kazi, kwenye meza ileile ya stoo. Mhandisi alituletea vitabu kutoka Mwanza. Nikafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Matokeo yalipotoka, mwalimu alikuwa ameshaandikishwa kuhamia kambi nyingine upande wa Kibondo. Niliposikia msafara umeondoka nilidandia lori la mahindi, nikaukuta Lusahunga, magari yamesimama watu wanyooshe miguu. Alikuwa amekaa juu ya furushi lake kando ya barabara. Nilimsalimu kwa magoti, nikampa karatasi ya matokeo.

Aliisoma taratibu. "C," alisema. "Kwa nini si B?"

"Nilikosea swali la mwisho, mwalimu."

"Nionyeshe," alisema, akasogea kunipisha nafasi juu ya furushi, akapapasa mfukoni kutafuta kalamu.